Ngiri zisizoonekana: Tumbo likifunga ghafla, usingoje kupambazuke

TUSEME mama yako, mzee wa miaka 76, ametoka mashambani kuja kukaa nawe mjini kwa siku chache. Ni mwembamba, amezaa watoto wanane, na nguvu zake nyingi zimeishia shambani. Kwa miezi kadhaa amekuwa akilalamika kuwa paja la kulia linamuuma upande wa ndani, na maumivu hushuka hadi gotini. Umemnunulia dawa ya kuchua, maana nyote mmekubaliana kwamba ni baridi yabisi ya uzeeni.

Jumatatu usiku tumbo linaanza kumsokota. Maumivu yanakuja, yanatulia kidogo, kisha yanarudi kwa nguvu zaidi. Anatapika chakula cha jioni, halafu anatapika maji ya rangi ya kijani. Asubuhi mnampeleka kwenye kliniki ya mtaani, ambako anaambiwa ana malaria na taifodi. Vidonge anavyopewa anavitapika vyote. Jumanne jioni jirani mwenye nia njema anashauri apewe dawa ya kuharisha, kwa kuwa hajapata choo tangu Jumapili. Kufikia Jumatano tumbo limevimba kama ngoma, macho yamezama na midomo imekauka. Madaktari wa hospitali kuu wanapogundua kwamba kipande kifupi cha utumbo kimenaswa kwenye tundu la mfupa wa nyonga, kipande hicho tayari kimeoza.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hivyo ndivyo maradhi haya yanavyowapotosha wagonjwa, jamaa zao, na hata wahudumu wa afya. Jina lake ni ngiri. Bila shaka umewahi kulisikia. Huenda hujasikia kwamba kuna ngiri ambazo hazitokezi uvimbe wowote unaoweza kuuona kwa macho, na kwamba hizo ndizo humfikisha mgonjwa hospitalini akiwa amechelewa.

NGIRI NI NINI?

Umewahi kuona tairi la baiskeli lililochakaa hadi tyubu ya ndani ikaanza kuchomoza kama puto? Ngiri ni kitu cha namna hiyo. Ukuta wa tumbo umejengwa kwa tabaka za misuli na nyuzi ngumu zinazozuia matumbo yasitoke mahali pake. Ukuta huo una sehemu chache dhaifu: pale kitovu kilipofungia, pale mishipa ya damu inapopita kwenda miguuni, na pale kisu cha mpasuaji kilipopita zamani. Shinikizo la ndani likizidi, au ukuta ukidhoofika, utando wa ndani hujisukuma kupitia sehemu hiyo na kufanya kifuko. Mafuta au utumbo unaweza kuingia ndani ya kifuko hicho.

Ngiri ya kinena ndiyo inayojulikana zaidi, na wengi huiita mshipa. Huwapata wanaume kuliko wanawake. Uvimbe wake huonekana mtu anaposimama, anapokohoa au anapobeba mzigo, na mara nyingi hupotea anapolala chali. Ngiri ya kitovu na ile inayotokea kwenye kovu la upasuaji pia ni za kawaida. Mtu anaweza kuishi na ngiri kama hizo kwa miaka mingi akizirudisha ndani kwa kidole, mpaka siku moja igome kurudi.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Utumbo ulioingia kifukoni ukibanwa na mdomo wa tundu, chakula, maji na hewa haviwezi kupita. Utumbo unakuwa umeziba.

UTUMBO UNAPOZIBA

Utumbo mdogo wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi. Kila siku, mbali na chakula na vinywaji, mwili wako humimina ndani yake lita kadhaa za mate, maji ya tumboni, nyongo na majimaji mengine ya kusagia chakula. Karibu yote hufyonzwa tena yakiwa njiani. Njia ikifungwa, majimaji hayo hurundikana nyuma ya kizuizi. Utumbo unatanuka, unajikaza ukijaribu kusukuma, na ndiyo sababu maumivu huja kwa mawimbi. Kisichoweza kushuka hupanda juu, na mgonjwa anatapika.

Kuna dalili nne ambazo kila mtu mwenye familia anafaa kuzijua kama anavyojua nambari ya nyumba yake. Ya kwanza ni maumivu ya tumbo yanayosokota, yakija na kuondoka. Ya pili ni kutapika, kwanza chakula, kisha majimaji ya kijani au manjano, na mwishowe majimaji yenye harufu ya kinyesi. Ya tatu ni tumbo kuvimba. Ya nne ni kukosa choo na, muhimu zaidi, kukosa hata kupitisha hewa. Si lazima zote nne zitokee pamoja. Kizuizi kikiwa juu, kutapika huanza mapema na tumbo huenda lisivimbe sana. Kikiwa chini, tumbo huvimba kwanza na kutapika huchelewa.

Zaidi ya kuziba, kuna jambo jingine baya zaidi: utumbo kunyongwa. Mdomo wa tundu ukibana sana, damu haiwezi kurudi kutoka kwenye kipande kilichonaswa. Kipande hicho kinavimba, na kadiri kinavyovimba ndivyo kinavyobanwa zaidi. Baadaye hata damu inayoingia inakatika. Utumbo usiopata damu huanza kufa katika muda wa saa chache. Ukifa hutoboka, uchafu wake humwagika tumboni, na sumu husambaa mwilini. Maumivu yaliyokuwa yakija na kuondoka yanakuwa ya mfululizo, mapigo ya moyo yanaenda mbio, na homa inaweza kupanda. Mgonjwa aliyefika hatua hii hawezi kuponywa na vidonge.

TUNDU LA NYONGA

Tumrudie yule mama. Kila upande wa mfupa wa nyonga kuna tundu kubwa lililofunikwa na utando mgumu. Juu ya utando huo kuna njia nyembamba inayopitisha neva moja na mishipa ya damu inayokwenda kwenye paja. Kwa kawaida njia hiyo hujazwa na mafuta kidogo, mfano wa kizibo cha chupa. Mtu anapokonda sana kwa uzee au maradhi, mafuta hayo huyeyuka na kizibo hutoweka. Utumbo unaweza kuteleza na kunaswa humo. Wataalamu huiita ngiri ya obtureta.

Ngiri hii ni nadra, haifiki hata moja katika kila ngiri mia moja. Huwapata hasa wanawake wazee, wembamba, waliozaa mara nyingi, kwa kuwa nyonga ya mwanamke ni pana na njia hiyo kwake ni kubwa kidogo. Kwa vile inatokea ndani kabisa, chini ya misuli ya paja, huwezi kuiona wala kuishika. Wengi hujulikana kuwa nayo utumbo unapoziba.

Hata hivyo, huenda ikatoa ishara. Ile neva inayopita njiani ikibanwa, mgonjwa husikia maumivu au ganzi upande wa ndani wa paja hadi gotini. Maumivu huzidi anaponyoosha mguu na kuupeleka nyuma, na hupungua anapoukunja. Ishara hiyo hubeba majina ya madaktari wawili walioieleza katika karne ya 19, Howship wa Uingereza na Romberg wa Ujerumani. Si kila mgonjwa huipata, na wanaoipata huambiwa mara nyingi kuwa ni baridi yabisi. Kwa hivyo kumbuka hili: mwanamke mzee, mwembamba, anayetapika na kuvimba tumbo, na ambaye hajawahi kupasuliwa tumboni, mwulize kama paja lake linamuuma, na umweleze daktari jibu lake hata asipouliza.

NGIRI YA PAJA

Aina ya pili ambayo wanawake wanapaswa kuijua ni ngiri ya paja. Hutokea chini kidogo ya mkunjo wa kinena, pale mshipa mkubwa wa damu unapoingia mguuni. Mara nyingi ni uvimbe mdogo kama zabibu au ndimu, nao huweza kudhaniwa kuwa ni tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda mguuni. Kwa mwanamke mnene huenda usionekane kabisa.

Udogo wake usikudanganye. Tundu lake ni jembamba na kingo zake ni ngumu, hivyo utumbo ukiingia huwa vigumu kutoka. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1991 ulionyesha kwamba miezi mitatu baada ya ngiri ya paja kutokea, uwezekano wa kunyongwa ulikuwa asilimia 22, na kufikia miezi 21 ulikuwa umepanda hadi asilimia 45. Kwa ngiri ya kawaida ya kinena, uwezekano baada ya miezi mitatu haukufika asilimia 3. Ndiyo sababu daktari akikuambia una ngiri ya paja, hatakuambia urudi mwaka ujao. Atakushauri ufanyiwe upasuaji mapema.

ILIYOJIFICHA KATI YA MISULI

Ngiri nyingine hujificha mbele ya macho yako. Kando ya msuli mrefu unaoshuka katikati ya tumbo, upande wa kushoto na wa kulia, kuna mstari wa nyuzi uliopewa jina la Adriaan van den Spiegel, mtaalamu wa elimu ya mwili aliyefundisha Padua, Italia, na kufariki mwaka wa 1625. Ngiri inayotokea kwenye mstari huo ilielezwa mwaka wa 1764 na daktari aliyeitwa Klinkosch, na huitwa ngiri ya Spigeli.

Hutokea mara nyingi chini kidogo ya usawa wa kitovu, pembeni. Utumbo hupenya tabaka za ndani lakini hukutana na tabaka ya nje ambayo haijapasuka. Basi hutambaa kati ya misuli bila kuchomoza. Mgonjwa husikia maumivu mahali pamoja, hasa akisimama au akikaza tumbo, lakini daktari akibonyeza huenda asipate kitu. Mtu anaweza kuzunguka kwa miaka akitibiwa vidonda vya tumbo, ameba au matatizo ya kizazi. Ngiri hizi ni moja au mbili tu katika kila mia. Picha ya altrasaundi, hasa mgonjwa akiwa amesimama au akikaza tumbo, au skani ya CT, huweza kuifichua.

MGONGONI, KWENYE KOVU NA KWENYE USUKANI WA BAISKELI

Ngiri inaweza pia kutokea kiunoni upande wa nyuma, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Huonekana kama uvimbe laini na hudhaniwa kuwa ni mafuta au jipu. Hebu fikiria hatari ya kupasua kwa wembe au sindano jipu ambalo si jipu. Uvimbe wowote unaoongezeka ukikohoa na kupungua ukilala, usikubali utobolewe kabla haujachunguzwa vizuri.

Kina mama waliojifungua kwa upasuaji, na yeyote aliyewahi kupasuliwa tumboni, wachunguze makovu yao. Ngiri ya kovu yenyewe si nadra, lakini wakati mwingine hujitokeza kwenye tundu dogo sana, kwa mfano pale kifaa cha upasuaji wa kamera kilipopitishwa. Tundu dogo hunasa kuliko kubwa. Isitoshe, hata pasipo ngiri, makovu ya ndani yanaweza kushikanisha matumbo na kuyaziba. Kwa hiyo ukifika hospitalini na tumbo limefunga, mweleze daktari kila upasuaji uliowahi kufanyiwa, hata kama ni wa miaka 30 iliyopita.

Aina nyingine huwahusu watoto wanaoendesha baiskeli mtaani. Mtoto akianguka na ncha ya usukani ikamgonga tumboni, misuli inaweza kuraruka huku ngozi ikibaki nzima, ikiwa na alama ya mchubuko tu. Utumbo hupenya kwenye mraruko huo. Vilevile pigo hilo linaweza kuumiza utumbo, ini au bandama. Mtoto aliyegongwa hivyo, akawa na uvimbe, akatapika au akakataa kuguswa tumbo, apelekwe hospitalini siku iyo hiyo.

INAYODANGANYA HATA WALIOSOMA

Mwaka wa 1778 daktari wa Kijerumani, August Gottlob Richter, alieleza ngiri ambayo hunasa upande mmoja tu wa utumbo, si mzingo wake wote. Ni kama kubana kitambaa cha shati kwa vidole viwili huku mkono ukiendelea kupita ndani. Njia ya utumbo haifungi kabisa, kwa hiyo mgonjwa huweza kupata choo, pengine hata kuharisha, na tumbo lisivimbe. Lakini kile kipande kilichobanwa hakina damu, na kinaoza.

Hii ndiyo sababu hupaswi kujifariji kwamba mtu akipata choo basi hana neno. Ngiri iliyokuwa ikirudi na sasa hairudi, inayouma, iliyo ngumu au ambayo ngozi yake imegeuka rangi, ni dharura hata kama mwenyewe ameenda msalani asubuhi hiyo.

AIBU ILIYOMUUA MALKIA

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Waliyasema hayo kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo. Malkia Caroline, mke wa Mfalme George wa Pili wa Uingereza, alipata ngiri ya kitovu alipojifungua mtoto wake wa mwisho mwaka wa 1724. Aliificha kwa miaka 13. Novemba 1737 alishikwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika. Madaktari wa ikulu walimpa dawa hii na ile kwa siku kadhaa bila kujua kiini, maana hakutaka wamwone. Mumewe ndiye aliyefichua siri hiyo. Wakati huo ilikuwa imechelewa. Utumbo ulipasuka, naye akafariki tarehe 20 mwezi huo.

Enzi hizo hapakuwa na dawa ya usingizi wala maji ya dripu, na huenda hata angesema mapema wasingeweza kumwokoa. Wewe unaishi wakati ambapo ngiri hutibika. Lakini aibu haijatuondoka. Kinena na paja ni sehemu ambazo mama hataki kumwonyesha mwanawe, na kijana anayempeleka mamake hospitalini huona haya kumwuliza. Muuguzi naye, akiwa na foleni ndefu, humbonyeza mgonjwa juu ya nguo na kumwacha aende. Mgonjwa yeyote aliyefunga tumbo anapaswa kuchunguzwa kuanzia kifuani hadi mapajani, nguo zikiwa zimeondolewa, kwa faragha na heshima. Ikiwa mama yako anaona haya mbele ya mwanamume, omba muuguzi wa kike awepo. Usiombe uchunguzi uachwe.

UNACHOTARAJIA HOSPITALINI

Ukifika, mgonjwa hataruhusiwa kula wala kunywa. Atawekewa dripu ili kurudisha maji na chumvi alizopoteza, kwa kuwa wengi hufa kwa kukaukiwa maji kabla utumbo haujawaua. Mpira mwembamba utapitishwa puani hadi tumboni ili kutoa majimaji yaliyorundikana. Haufurahishi, lakini humpunguzia maumivu na humkinga asipaliwe na matapishi yakaingia mapafuni. Mpira mwingine utawekwa kwenye kibofu ili kupima mkojo, kwani mkojo ukianza kutoka vizuri ni ishara kwamba maji yametosha. Damu itapimwa na picha ya eksirei kupigwa. Skani ya CT, pale inapopatikana, ndiyo huonyesha vizuri zaidi ngiri zilizojificha. Lakini mgonjwa mwenye dalili za utumbo kunyongwa hapaswi kukaa siku nzima akingoja picha. Wakati mwingine ukweli hujulikana mezani mwa upasuaji.

Mpasuaji akishafungua, hulegeza tundu na kuutoa utumbo. Huufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya uvuguvugu na kungoja dakika kadhaa. Ukirudisha rangi yake, ukang'aa na kujongea, hurudishwa tumboni. Ukibaki mweusi, hukatwa na ncha mbili nzima kushonwa pamoja. Mtu anaweza kuishi vizuri bila kipande kifupi cha utumbo. Lakini kati ya kuurudisha na kuukata kuna tofauti kubwa kwa mzee wa miaka 76, katika siku atakazolala wodini, katika gharama, na katika uwezekano wa kurudi nyumbani akiwa hai. Mara nyingi tofauti hiyo huletwa na saa zilizopotea kabla ya kufika.

NETI YA MBU NA UPASUAJI WA NGIRI

Ngiri inapotibiwa kabla haijanasa, kazi huwa rahisi. Mpasuaji hurudisha kilichotoka, huziba tundu na mara nyingi huimarisha mahali hapo kwa wavu maalum. Wagonjwa wengi wa ngiri za kawaida huenda nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Wavu huo ulikuwa ghali mno kwa hospitali nyingi za Afrika. Mwaka wa 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Wengine walishonewa wavu wa kiwandani, wengine kipande cha neti ya mbu kilichosafishwa na kuuliwa vijidudu kwa mitambo ya hospitali. Baada ya mwaka mmoja, hapakuwa na tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili, na ngiri ilirudi kwa nadra sana. Jirani zetu walionyesha kwamba umaskini hauna haja ya kuwa sababu ya mtu kuishi na ngiri mpaka imnyonge. Kuhusu malipo hapa Kenya, hazina ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Hakikisha wazee wako wamesajiliwa na uulize hospitali inalipiwa nini, kabla ya siku ya dharura.

NA WATOTO JE?

Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na kitovu kilichochomoza. Wengi wao hupona bila dawa kabla ya kufikisha umri wa miaka minne au mitano. Desturi ya kufunga sarafu juu ya kitovu kwa kitambaa haiharakishi kupona, na inaweza kuchubua ngozi na kuleta vijidudu. Iache. Mpeleke mtoto kwa daktari ikiwa kitovu kimekuwa kigumu, kinauma, na anatapika, au ikiwa bado hakijafunga amefika umri wa kwenda shule. Ngiri ya kinena kwa mtoto mchanga ni jambo tofauti. Hiyo haiponi yenyewe, na hunasa kwa urahisi. Inahitaji upasuaji bila kukawia.

UFANYE NINI?

Kwanza, mtu anayesokotwa na tumbo, anayetapika, na ambaye hapati choo wala hewa, usimpe dawa ya kuharisha wala enema ya maji ya sabuni nyumbani. Utumbo uliofungwa ukichochewa kwa nguvu unaweza kupasuka.

Pili, usimlazimishe kula wala kunywa uji "apate nguvu". Kila anachomeza kinaongeza mrundikano, na kinaweza kuchelewesha upasuaji.

Tatu, usiisukume kwa nguvu ngiri iliyogoma kurudi, wala usimpeleke mgonjwa kwa mkandaji. Unaweza kurudisha tumboni utumbo uliokwisha kuoza, na hapo utakuwa umeficha hatari badala ya kuiondoa.

Nne, nenda hospitali yenye mpasuaji na chumba cha upasuaji, si duka la dawa. Ikiwa kliniki ya karibu haina, omba barua ya rufaa mara moja. Malaria inaweza kuwapo kweli, lakini haifungi tumbo.

Tano, mweleze daktari mambo matatu: saa maumivu yalipoanza, mara ya mwisho kupata choo na hewa, na uvimbe, kovu au maumivu yoyote ya paja aliyokuwa nayo mgonjwa.

Sita, kwako wewe ambaye bado huna shida: tibu kikohozi kisichoisha, acha sigara, kula mboga na matunda na unywe maji ili usijikaze chooni. Mzee wa kiume anayejikaza kukojoa achunguzwe tezi ya kibofu. Na ukiona uvimbe unaokuja ukisimama na kupotea ukilala, mwone daktari ungali unatembea kwa miguu yako.

Sasa rudi kwa yule mama aliyelala chumba cha wageni. Paja lake linauma, wewe umenunua dawa ya kuchua, naye anasema ni uzee tu. Huenda kweli ni uzee, kwani wengi wenye maumivu ya goti wana maradhi ya goti. Lakini mwulize kama maumivu yanapanda hadi kinenani, kama ameanza kukonda, na kama tumbo humsokota mara kwa mara kisha likatulia. Akijibu ndiyo, mpeleke kwa daktari wiki hii. Na ikiwa usiku mmoja ataanza kutapika maji ya kijani, usiseme mtaangalia hali asubuhi. Tafuteni gari.